Uzito wa Mtoto ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuruzuku bila ya hesabu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake na wote waliofuata uongofu wao mpaka Siku ya Mwisho. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, naiusia nafsi yangu kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Mwenyezi Mungu katika yale tunayoyaona makubwa na katika yale tunayoyadharau. Na katika yale tunayoyadharau, leo nimechagua jambo moja: sahani ya mtoto wa shule na uzito wa mwili wake.

Najua wapo watakaoshangaa. Tumezoea mawaidha ya swala, ya mavazi, ya simu na ya marafiki wabaya. Uzito wa watoto tumewaachia wauguzi. Nami nilikuwa na fikra hiyo hiyo mpaka muhula uliopita.

Siku hiyo tulikuwa vijana saba wa jumuiya yetu, baadhi wanasomea afya na baadhi ualimu. Tulipanda teksi asubuhi hapa Mbarara, tukashuka Kaberebere kununua maji, kisha tukaendelea hadi Nakivale kujitolea katika shule moja ya msingi ndani ya makazi. Kazi yetu ilikuwa nyepesi: kuwapima watoto urefu na uzito, na kuandika.

Alikuja binti wa miaka kumi na mmoja. Alipopanda kwenye mzani nikasikia kitu kinagongana mfukoni mwake. Nikamuuliza kwa upole, "Mwanangu, una nini humo?" Akanyamaza. Mwalimu wake akamwambia atoe. Akatoa mawe. Matatu mfuko wa kulia, mawili wa kushoto. Wenzake walikuwa wanamwita Kijiti, na alisikia kuwa leo uzito utasomwa kwa sauti. Aliweka mawe ili aongezeke. Tulipomvua mawe, mzani ulisoma kilo 22. Nilimuuliza alikula nini asubuhi. Akasema chai. Na jana usiku? Akasema chai na kiazi.

Wiki mbili baadaye tulifanya kazi hiyo hiyo katika shule nyingine, ya kulipia, hapa hapa mjini. Akaja mvulana wa miaka kumi. Kabla hajapanda kwenye mzani alivua viatu, akavua sweta, akavua mkanda, kisha akaniomba kwa sauti ya chini, "Kaka, naomba wengine watoke kwanza." Alikuwa na kilo 58. Nilimuuliza swali lile lile la asubuhi. Alikuwa amekula chapati mbili na soda, na mkononi alikuwa na pesa za soda nyingine ya mapumziko.

Mmoja aliongeza mawe, mwingine alivua mkanda. Wote wawili waliuogopa mzani ule ule, na wote wawili walikuwa wanafunzi, chini ya mikono ya walimu, kutwa nzima, siku tano za wiki. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba jambo hili linatuhusu. Mwili wa mtoto ni amana. Mzazi amepewa na Mola wake, na kila asubuhi anapomfikisha mtoto getini anaikabidhi amana hiyo kwa shule.

Ndugu zangu, Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwalimu mkuu ni mchunga. Mpishi wa shule ni mchunga. Mwenye duka la shule ni mchunga. Na Abu Dawud amepokea mafunzo yake Mtume kwamba inamtosha mtu kuwa mwenye dhambi akiwapoteza wale ambao chakula chao kiko mikononi mwake. Basi tusidhani kwamba shule itaulizwa juu ya hesabu na Kiingereza tu.

Tukumbuke pia Suratul Quraysh, sura fupi tuliyoihifadhi tukiwa wadogo. Mwenyezi Mungu anawakumbusha Maquraish neema mbili ambazo kwa ajili yake wanapaswa kumwabudu: aliwalisha wakaokoka na njaa, na akawapa amani wakaokoka na hofu. Ndugu zetu wa Nakivale wanaifahamu sura hii kuliko sisi. Makazi yale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Wanyarwanda waliokimbia nchi yao, na leo wamo Wakongo, Wasomali, Warundi, Waethiopia na wengineo. Walikimbia hofu, na Uganda ikawafungulia mlango. Wakapewa vipande vya ardhi walime, ingawa vipande hivyo vimekuwa vikipungua kadiri watu wanavyoongezeka. Hofu imepungua, alhamdulillahi. Lakini ile neema ya kwanza, ya kuokoka na njaa, inayumba. Mwaka 2020 mgao wa chakula ulikatwa kwa sababu ya uhaba wa fedha, na mwaka uliofuata ukakatwa tena. Julai 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: wenye shida kubwa wakawa wanapata asilimia 60 ya mgao kamili, wa kati asilimia 30, na walioonekana wanaweza kujitegemea hawapati kitu. Ukisikia asilimia hizo kwenye redio ni tarakimu. Ukizitazama kwenye mzani wa shule ni binti mwenye mawe mfukoni.

Wala tusidhani kwamba njaa ni ya wakimbizi peke yao. Utafiti wa Taifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Uganda walio chini ya miaka mitano, 29 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa katika kila wanawake 100 wa umri wa kuzaa, 24 walikuwa na uzito uliozidi. Nchi moja, mwaka mmoja, na wakati mwingine nyumba moja: mtoto amedumaa na mama amenenepa kupita kiasi. Wilaya yetu ya jirani ya Isingiro inasifika kwa matoke. Malori yanapakia mikungu na kuipeleka mbali. Hata hivyo, tumbo lililojaa matoke matupu limeshiba bila ya kujengwa. Ndizi hutia nguvu, lakini nyama ya mwili hujengwa na maharagwe, maziwa, mayai, samaki na dagaa, na damu huhitaji madini yaliyomo humo na kwenye mboga za majani. Kwa hiyo ukondefu na unene si maadui wawili. Ni ndugu wa baba mmoja, na jina la baba huyo ni lishe mbaya.

Nini basi uzito wa afya? Kwa mtoto si idadi moja ya kilo kwa wote. Ni uzito unaolingana na urefu wake, umri wake na jinsia yake, na unaokwenda juu taratibu muhula baada ya muhula jinsi anavyokua. Dini yetu ina neno kwa jambo hili: wastani. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, wanadamu wote wameamrishwa kula na kunywa na wakakatazwa israfu. Tazama amri ilivyoanza: imeanza na kula. Anayemnyima mtoto chakula ameivunja sehemu ya kwanza ya amri hiyo, na anayemjaza bila kipimo ameivunja sehemu ya pili. Tirmidhi naye amepokea kutoka kwa Miqdam bin Ma'dikarib kwamba Mtume (S.A.W.) alilitaja tumbo kuwa chombo kibaya kuliko vyote kujazwa, akaeleza kuwa matonge machache ya kumnyoosha mtu mgongo yanatosha, na ikiwa hapana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Ndugu zangu, tunaisoma hadithi hii kwa walioshiba. Tuisome pia kwa wenye njaa: matonge ya kunyoosha mgongo ni haki ya kila mwanadamu. Binti yule hakuwa nayo.

Sasa shule ifanye nini? Nitataja mambo matano.

La kwanza ni chungu cha mchana. Mtoto anayekaa darasani tangu asubuhi hadi saa kumi bila kula hatapata uzito wa afya, hata umfundishe lishe ubaoni mwaka mzima. Sheria yetu ya Elimu ya mwaka 2008 imeweka jukumu la kumlisha mwanafunzi kwa mzazi au mlezi. Elimu ya msingi kwa wote ilianza mwaka 1997, na ada ikaondolewa, lakini chungu hakikuja nayo. Matokeo tunayajua: mwenye mzazi mwenye uwezo anakula, asiye naye anakunywa maji ya bomba na kulala juu ya dawati.

Tufanye hesabu. Tuchukue kipimo cha kawaida cha gramu 150 za unga na gramu 40 za maharagwe kwa mtoto kwa mlo mmoja. Muhula ukiwa na siku 60 za masomo, mtoto mmoja anahitaji kilo 9 za unga na chini kidogo ya kilo mbili na nusu za maharagwe. Hiyo ndiyo posho na maharagwe ya muhula mzima. Mzazi wa Kaberebere anayelima anaweza kuleta mahindi na maharagwe yake badala ya pesa. Mzazi wa Nakivale aliyekatiwa mgao huenda asiweze, na hapo ndipo jamii inapoingia, na ndipo sisi tunapoingia. Nairobi wamethubutu: tangu mwaka 2023 serikali ya kaunti na shirika la Food4Education wanapika kwenye majiko makubwa ya pamoja, chakula kinapelekwa shuleni, na mzazi analipa shilingi tano za Kenya kwa sahani. Mtoto anavaa bangili mkononi inayolipia, kwa hiyo mwenzake hajui nani amelipiwa na nani amejilipia. Hapo mtoto amelishwa na heshima yake imehifadhiwa, na ndivyo sadaka inavyopendeza.

Na wenye mamlaka wakumbuke kisa cha Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) kilichosimuliwa katika vitabu vya historia. Alikuwa ameweka posho ya hazina kwa kila mtoto aliyeachishwa ziwa. Usiku mmoja, akilinda msafara wa wafanyabiashara waliopiga kambi Madina, alimsikia mtoto mchanga akilia. Akamwendea mama yake mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwisho mama, asiyemjua anayesema naye, akaeleza kuwa anamwachisha mtoto ziwa mapema kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa. Umar aliswalisha Alfajiri huku kilio kikimziba sauti, kisha akaamuru posho itolewe kwa kila mtoto tangu anapozaliwa. Amri iliyoandikwa kwa nia njema ilikuwa inawadhoofisha watoto majumbani, na yeye hakuwalaumu kina mama. Aliibadilisha amri.

La pili ni kinachouzwa getini. Shule nyingi hazipiki, lakini getini kuna soko: mandazi, kabalagala, pipi, juisi za rangi kwenye vifuko vya nailoni, na soda. Chupa moja ya soda ya kola ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, sawa na vijiko vinane vya chai. Hakuna mama atakayemwekea mwanawe vijiko vinane kwenye kikombe kimoja, lakini kwenye chupa hatuvioni. Na msidhani hili ni la watoto wa mjini tu. Mtoto mwenye njaa wa Nakivale akipata shilingi mia tano atanunua kile kinachomtuliza haraka, na kinachomtuliza haraka ni sukari na mafuta. Simlaumu mama anayeuza mandazi, maana naye anatafuta riziki ya halali. Shule imwite, izungumze naye kwa heshima, imwambie: mama, tuuzie ndizi mbivu, karanga, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchemsha, uji. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 168, ameamrisha chakula kilicho halali na kilicho kizuri. Sisi tumeshika sana neno la kwanza, tunauliza nani amechinja. La pili tunalipita mbio.

La tatu ni mwili kutikisika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za harakati kwa siku. Mtoto wa Nakivale anayebeba dumu la maji na kutembea kilomita kadhaa hana haja ya kuhubiriwa hilo. Yeye anahitaji chakula kwanza, na ni dhuluma kumkimbiza mwenye njaa. Lakini mtoto wa mjini anapelekwa shule kwa bodaboda, anakaa darasani, kipindi cha michezo kinaliwa na marudio ya mtihani wa darasa la saba, na jioni anakaa mbele ya simu. Kisha Jumamosi na Jumapili tunamkalisha madrasa kutwa. Na wasichana ndio husahaulika zaidi, kana kwamba kukimbia ni haramu kwao. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mama yetu Aisha (R.A.), mara ya kwanza Aisha akashinda, na baadaye Mtume akashinda. Basi shule na madrasa ziwapatie wasichana uwanja wenye sitara na mavazi ya stara, wakimbie, waruke kamba, wacheze mpira wa pete.

La nne ni adabu ya kula. Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, alisimulia kwamba alipokuwa mtoto mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku ndani ya sahani. Mtume hakumpiga wala hakumfukuza. Alimfundisha mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Bukhari na Muslim wameipokea. Tazameni mlezi huyu: yuko kwenye sahani moja na mtoto. Katika shule zetu walimu hula chakula chao ofisini, na watoto hugawiwa foleni huku wakipigiwa kelele wamalize haraka. Mtoto anayekula mbio hajui ameshiba lini. Mwalimu akikaa nao mara mbili kwa wiki, akatafuna taratibu na kumwambia mmoja, "Mwanangu, umeshiba? Basi mwachie mwenzako," amefundisha lishe kuliko kitabu. Na Mtume ametufundisha kwamba chakula cha wawili kinatosha watatu. Anayelijua hilo tangu utotoni hatakuwa mlafi, wala hatamwacha jirani na njaa.

La tano, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni mzani na ulimi. Ni vizuri shule iwapime watoto kila muhula, urefu na uzito, ili anayeshuka aonekane mapema na apelekwe kituo cha afya, na anayepanda kupita kiasi mzazi wake aitwe na kuzungumzwa naye. Lakini kupima kufanywe kwa faragha, mmoja mmoja, na namba isisomwe kwa sauti. Siku ile Nakivale, sisi ndio tuliopanga kusoma namba kwa sauti ili mwandishi asikie. Hatukuwa na nia mbaya, tulikuwa na haraka. Yale mawe matano, mimi pia niliyatia mfukoni mwa yule binti.

Suratul Hujurat, aya ya 11, imewakataza waumini kudharauliana na kuitana majina mabaya. Kijiti ni jina baya. Bonge ni jina baya. Mwalimu anayemwita mtoto "Tajiri" kwa sababu ya tumbo lake anadhani anatania, na mtoto anakwenda chooni kulia. Anayefedheheshwa kwa mwili wake hapungui wala haongezeki. Anajificha, anakula kwa siri au anaacha kula, na anaanza kuichukia shule.

Imam Ahmad amepokea kwamba Abdullah bin Mas'ud (R.A.) alipanda mti, upepo ukafunua miundi yake iliyokuwa myembamba sana, na baadhi ya maswahaba wakacheka. Mtume akawauliza wanacheka nini. Wakasema, wembamba wa miguu yake. Akawaapia kwamba miguu hiyo ni mizito kwenye Mizani kuliko mlima Uhud. Laiti ningalimsimulia binti yule kisa hicho siku ile, kabla ya kumwambia atoe mawe. Ibn Mas'ud hakuhitaji jiwe mfukoni, alikuwa na Qur'ani kifuani. Wala Mtume hakusema wembamba ni sifa au unene ni sifa. Alichofanya ni kumwondolea mja fedheha mbele za watu. Shule imjaze mtoto chakula bora na heshima kwa pamoja. Chakula bila heshima hakishuki kooni.

Ndugu zangu, nisiwe mtu wa kuwanyooshea shule kidole. Nitaje letu. Sikukuu iliyopita sisi jumuiya tulichangishana, tukawapelekea watoto zawadi. Tulipeleka nini? Katoni za soda, biskuti na pipi. Tulipiga picha nzuri. Watoto walifurahi, na furaha ya mtoto siku ya Idi ni ibada, siipingi. Lakini nilipokaa na kupiga hesabu ya pesa zile kwa kipimo nilichowatajia, niliona zingenunua maharagwe ya muhula mzima kwa watoto wengi. Tulinunua saa moja ya utamu kwa bei ya miezi mitatu ya chakula. Israfu haiko kwa matajiri tu. Hata sadaka inaweza kufanyiwa israfu.

Basi napendekeza mambo machache, na viongozi wetu wayapime. Kila mmoja wetu aache soda moja kwa wiki, bei yake iingie kwenye sanduku la jumuiya, na mwisho wa muhula sanduku linunue mahindi na maharagwe kwa shule moja tutakayoichagua. Chungu kiwe cha watoto wote wa shule hiyo, Waislamu na wasio Waislamu, maana katika Suratul Insan waliosifiwa kwa kulisha walimlisha maskini, yatima na mfungwa, na hatukusikia kwamba waliuliza kwanza dini yake. Wanaosomea kilimo na wenye asili ya kijijini wasaidie shule hiyo kulima bustani ya lengalenga, sukuma wiki na viazi lishe. Mboga hizo hazidai ardhi kubwa, na maji ya kunawia mikono yanaweza kuzimwagilia. Wanaosomea afya wafundishe walimu kupima kwa faragha na kusoma jedwali la ukuaji. Na wanaosomea ualimu wajiwekee nadhiri kwamba siku watakapopewa darasa, kipindi cha michezo hakitaliwa, na jina la utani la mwili wa mtoto halitapita mlangoni mwao.

Nyinyi mliotoka Nakivale na leo mko chuo kikuu, nawaomba mtangulie mbele. Mnajua shule ipi ina kisima na ipi haina, mama yupi anapika vizuri, mzee yupi akisema wazazi husikia. Sisi wa mjini tutabeba magunia.

Siku ya Kiyama itawekwa mizani ya haki, na hapo hakuna atakayeficha jiwe mfukoni wala atakayevua mkanda. Kila kilo ya maharagwe, kila tonge lililofika tumboni mwa mtoto, kila neno lililomtweza na kila neno lililomnyanyua, litapimwa kama lilivyo.

Ewe Mola wetu, wabariki watoto wetu katika miili yao, akili zao na imani zao. Waliokonda wape kinachowanyoosha, waliozidiwa na uzito wape wepesi na afya, na waliofedheheshwa wape izza. Walishe waliokimbia hofu, kama ulivyowapa amani. Tujaalie tuwe walezi wenye huruma, wala usiifanye sadaka yetu kuwa ya picha. Warehemu walimu wetu na wapishi wetu na kina mama wauzao getini, na uwafungulie riziki ya halali iliyo nzuri. Na mwisho wa wito wetu ni kumshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Amin.